Deni la Zawadi

Zawadi hudhaniwa kuwa jambo la watu wawili, atoaye na apewaye. Wenye hekima wengi wamelipima jambo hili kwa mizani ya vitanga viwili, wakauliza kama mtoaji ametoa kwa moyo au kwa kusukumwa, na kama mpokeaji amepokea kwa shukrani au kwa choyo. Ni nadra kusikia mtu akiuliza habari za upande wa tatu, yaani kule zawadi ilikotoka. Embe hutoka mtini, na mti haushukuriwi. Samaki hutoka majini, na maji hayaulizwi hali. Insha hii yataka kuuliza juu ya upande huo uliosahauliwa. Je, mtu achukuaye kitu cha mahali fulani ili akakitoe kwingine ana wajibu wowote kwa mahali pale, na kwa kiumbe kile kilichokipa kitu hicho jina? Na kama wajibu upo, je, hulipwa kwa nini?

Ili maneno yetu yasielee hewani, tutayafunga gati mahali pamoja. Mahali penyewe ni miji iliyo kandokando ya Ziwa Hamana, nchini Japani. Nimeichagua kwa kuwa watu wa Japani wameikuza desturi ya zawadi za safari mpaka imekuwa kama sheria isiyoandikwa, na kwa kuwa katika ziwa hilo chakula, jina na zawadi vimefungamana katika kiumbe mmoja. Kiumbe huyo ni mkunga, yule samaki mrefu mtelezi afananaye na nyoka, ambaye Wajapani humwita unagi.

Ziwa Hamana liko katika mkoa wa Shizuoka, upande wa kusini wa kisiwa kikubwa cha Honshu, katika njia itokayo Tokyo kwenda Osaka. Eneo lake ni kilomita za mraba takriban 65. Hapo kale lilikuwa ziwa la maji baridi, limetengwa na bahari kuu kwa ukanda wa mchanga. Mwaka 1498 nchi ilitetemeka, bahari ikainuka, mawimbi yakaupasua ukanda ule, na tangu zama hizo maji ya chumvi huingia na kutoka ziwani kwa kujaa na kupwa. Mlango huo wa bahari huitwa Imagire, maana yake ni mahali palipokatika sasa hivi. Hiyo “sasa hivi” imekwisha timiza miaka zaidi ya 500, na jina halijazeeka. Ajabu ya majina haiishii hapo. Jimbo la kale lililolizunguka ziwa liliitwa Totomi, jina lililotokana na maneno yenye maana ya ziwa la mbali la maji baridi, ili lipambanuliwe na Ziwa Biwa, lililokuwa karibu na mji mkuu wa wakati ule. Maji baridi yaliingiliwa na chumvi, na jina likabaki na ubaridi wake. Msomaji na aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Pande mbili za mlango ule imekaa miji midogo miwili. Maisaka uko mashariki, na tangu mwaka 2005 umo ndani ya mji wa Hamamatsu. Arai uko magharibi, na tangu mwaka 2010 umo ndani ya mji wa Kosai. Katika enzi ya ukoo wa Tokugawa, kati ya mwaka 1603 na 1868, miji hiyo ilikuwa vituo viwili miongoni mwa vituo 53 vya barabara kuu ya Tokaido, iliyounganisha Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, na Kyoto. Msafiri alivuka maji kwa mashua, na aliposhuka Arai alikabiliwa na kizuizi cha serikali. Silaha zilikaguliwa hapo, na wanawake waliosafiri walichunguzwa kwa ukali zaidi ya wanaume. Nyumba ya kizuizi hicho iliyojengwa upya mwaka 1855 ingali imesimama. Kwa hiyo watu wa miji hii walizoea tangu zamani kuishi kwa wapita njia. Mpita njia alihitaji mashua, malazi na chakula, na alipoondoka alihitaji kitu cha kumwonyesha mtu wa nyumbani kwamba kweli alifika.

Meza ya watu wa ziwa hili ni tajiri kwa sababu ya ndoa ya maji mawili. Maji ya mito hushuka kutoka milimani, maji ya bahari huingia kwa Imagire, na yanapokutana hulea viumbe wa kila namna. Wako chaza, wako kombe wa mchangani, wako kaa na kamba, na uko mwani ambao hukaushwa na kuliwa. Hufugwa huko pia kasa wa maji baridi mwenye gamba laini, ambaye mchuzi wake husifiwa kuwa huongeza nguvu. Upande wa kaskazini wa ziwa, mahali paitwapo Mikkabi, vilima vimejaa machenza matamu yajulikanayo nchi nzima. Hekalu la huko limerithi ujuzi wa kuchachusha maharagwe ya soya, kuyatia chumvi na kuyaanika juani mpaka yawe meusi na makali. Na inasimuliwa kwamba yalipelekwa kuwa tunu kwa Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyekaa katika ngome ya Hamamatsu kuanzia mwaka 1570 mpaka 1586. Mjini Hamamatsu kwenyewe hupikwa vifurushi vidogo vya unga wa ngano vilivyotiwa nyama na kabeji. Hukaangwa na kupangwa duara, na katikati ya duara huwekwa machipukizi yaliyochemshwa, ili ulimi upate pumziko la mafuta.

Walakini vyakula vyote hivyo husimama nyuma ya mkunga kama maharusi wadogo wanavyosimama nyuma ya bibi harusi. Mkunga hupasuliwa, hutolewa mifupa, hutungwa katika vijiti na kuchomwa juu ya mkaa, huku akichovywa tena na tena katika mchuzi mzito wa soya wenye utamu, kisha hulazwa juu ya wali wa moto. Watu wa mashariki, upande wa Tokyo, humpasua mgongoni na kumpitisha katika mvuke ili alainike. Watu wa magharibi, upande wa Osaka, humpasua tumboni na kumchoma bila ya mvuke ili ngozi yake iwe kavu. Hamamatsu uko kati ya pande mbili, na mapishi yote mawili hupatikana humo.

Mwishoni mwa karne ya 19 ufugaji wa mikunga katika mabwawa ulianza kando ya ziwa, na jina la mfanyabiashara Hattori Kurajiro hukumbukwa katika habari hiyo. Hali ya hewa ilikuwa ya vuguvugu, maji yalikuwa tele, mabuu ya nondo wa hariri waliobaki katika viwanda vya nyuzi yalifaa kwa lishe, na reli ya Tokaido iliyokamilika mwaka 1889 iliwachukua samaki wangali hai mpaka miji mikubwa. Hivyo kwa muda mrefu Mjapani alipotajiwa Hamana alikumbuka mkunga, na alipotajiwa mkunga alikumbuka Hamana.

Sasa tuje kwenye zawadi. Wajapani huiita omiyage zawadi ambayo msafiri huwaletea waliobaki, na kitu ambacho mahali pamejipatia sifa kwacho hukiita meibutsu, yaani kitu chenye jina. Mtu arudipo safarini huwagawia jamaa, majirani, na wenziwe wa kazini. Kwa hiyo zawadi nyingi za namna hii huwa ni vitamu vilivyofungwa kimoja kimoja ndani ya sanduku moja, ili mgawo uwe sawa na asiwepo mtu wa kupunjwa. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kufundishwa maana ya desturi hii. Msafiri arudiye kwao bila ya hata kipande cha haluwa au kitita cha tende hutazamwa mikono kabla ya kutazamwa uso, na wahenga walikwisha sema kuwa mkono mtupu haulambwi.

Hapa huinuka pingamizi la kwanza. Watu wengine husema kwamba zawadi inayodaiwa na desturi si zawadi bali ni kodi, kwa kuwa wema uliolazimishwa umekosa roho ya wema. Neno hili lina nguvu, lakini nadhani limeangalia mwisho wa safari bila ya kuangalia mwanzo wake. Moja ya asili zitajwazo za desturi ya omiyage ni hija za kwenda katika hekalu kuu la Ise. Katika enzi ya Tokugawa safari ilikuwa ndefu na ghali, na mwanakijiji mmoja hakuweza kuigharimia. Wanakijiji walifanya vyama vya kuchanga fedha, wakawatuma wachache miongoni mwao kwenda kuomba kwa niaba ya wote. Aliyekwenda alikwenda kwa miguu yake na kwa mifuko ya wenziwe. Aliporudi alileta hirizi za hekalu na vitu vya njiani ili kila aliyechanga apate fungu la baraka. Basi kitu kile hakikuwa kodi, wala hakikuwa fadhila. Kilikuwa hesabu ya amana.

Nasema kwamba hali hiyo haijabadilika hata katika zama za garimoshi la kasi, lililoanza kupita juu ya mlango wa ziwa hili mwaka 1964. Hapana msafiri asiyekuwa mjumbe wa mtu. Aendapo, mwingine hushika kazi yake, mwingine hulala na watoto wake, mwingine huchunga mlango wake. Safari ya mmoja ni mchango wa wengi. Kwa hiyo yule aletaye sanduku la vitamu na kuwagawia wenziwe kazini anakiri kwamba kutokuwapo kwake kulibebwa na mabega mengine, na kukiri deni ni sehemu ya uadilifu hata kama deni lenyewe ni dogo. Wajibu hauui wema. Huupa njia ya kupita, kama kingo za mto zinavyoupa mto njia ya kufika baharini.

Tukisha kukubali hayo, hukutana na pingamizi la pili, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Mkunga aliyechomwa hawezi kusafiri mbali bila ya kupoteza ladha, wala hagawiki kwa watu arobaini. Kitu chenye jina hakibebeki, na kitu kibebekacho hakina jina. Wafanyabiashara wa Hamamatsu waliufungua mtego huu kwa werevu. Mwaka 1961 duka la vitamu la Shunkado, lililoanzishwa mwaka 1887, lilitoa kitamu kiitwacho Unagi Pie. Ni biskuti ndefu yenye matabaka membamba, iliyofanyizwa kwa unga wa ngano, siagi na sukari. Ndani yake mna unga wa mkunga, na juu yake hupakwa mchuzi wenye kitunguu saumu. Tangazo lake hukiita kitamu cha usiku, kwa kukusudia saa ambapo jamaa hukusanyika baada ya chakula cha jioni. Kitamu hicho kimekuwa mashuhuri hata wasafiri wengi hulipeleka jina la ziwa mbali bila ya kuonja mkunga mwenyewe.

Je, huo ni ukweli au ni udanganyifu? Mtu mkali atasema kuwa chembe za unga wa mkunga ndani ya siagi na sukari si mkunga, na kwamba jina limeazimwa. Lakini udanganyifu hauko katika umbali wa jina na kitu. Uko katika nia ya kumfanya mtu aamini lisilokuwapo. Hapana mtu mzima anunuaye biskuti ile akidhani kuwa amenunua samaki. Anajua kuwa amenunua ukumbusho, na ukumbusho haudai kuwa ndio kitu chenyewe, kama vile picha ya mama haidai kunyonyesha. Jina la jimbo la Totomi nalo liliendelea kutaja maji baridi karne nyingi baada ya ziwa kuingia chumvi, na halikumdanganya mtu, maana lilikuwa kumbukumbu ya hali iliyopita. Lakini mfanyabiashara achukuaye mkunga aliyelelewa kwingine, akamtia muhuri wa Hamana ili apate bei ya Hamana, huyo ni mwongo hata kama mkunga wake ni mkunga mtupu kutoka kichwa mpaka mkia. Huyu wa pili ana kitu kizima na jina la wizi. Yule wa kwanza ana chembe ya kitu na jina la haki. Mizani ya ukweli haipimi wingi wa nyama.

Walakini kutokuwa mwongo si kutokuwa na deni. Hapa ndipo tunapofika kwenye upande wa tatu tulioutaja mwanzo. Jina hilo, ambalo kwalo masanduku huuzwa na hoteli hujaa, ni la nani? Watu wa ziwa watajibu haraka kuwa ni letu. Ni jibu la fahari, na fahari ya kwao haina aibu, kwa maana bura yangu sibadili na rehani. Lakini tumtazame mkunga mwenyewe tuone kama anakiri umilki huo.

Kwa karne nyingi hapakuwa na mtu aliyejua mkunga wa Japani huzaliwa wapi. Alionekana mitoni akiwa mdogo, alionekana akiwa mkubwa, lakini hakuonekana akitaga. Ilikuwa mwaka 2009 ambapo wataalamu wa Japani walipata kwa mara ya kwanza mayai yake yaliyotagwa baharini, karibu na Visiwa vya Mariana, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Ziwa Hamana. Kitoto atokaye katika yai hilo huwa kama jani jembamba lipenyezalo nuru. Hana nguvu ya kushindana na bahari, bali huchukuliwa na mkondo uendao magharibi, kisha hudakwa na mkondo mwingine uendao kaskazini, naye njiani hubadilika umbo awe kama uzi wa kioo. Wakati wa baridi nyuzi hizo huingia katika midomo ya mito ya Asia ya Mashariki. Wachache huingia kwa Imagire. Hukaa miaka mingi katika maji ya mito na maziwa wakila na kunenepa. Siku yao ifikapo, wakati wa majira ya kupukutika kwa majani, hugeuka rangi wakawa kama fedha, wakashuka baharini, wakarudi walikozaliwa, wakataga, wakafa.

Basi kitu kiitwacho cha Hamana hakikuzaliwa Hamana wala hakikusudii kufia Hamana. Ni mgeni. Hata mikunga wa mabwawani ni wageni, kwa kuwa ufugaji wao huanza kwa vile vitoto vya kioo vinavyokamatwa vikiingia kutoka baharini. Wataalamu walifanikiwa mwaka 2010 kupata kizazi cha pili cha mikunga waliozaliwa katika matangi, na hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini mpaka sasa mabwawa hutegemea karibu kabisa vitoto vya bahari. Bahari hutoa mbegu, na binadamu hulisha na kuvuna. Tena maji yenyewe ya ziwa yalikuwa mgeni siku bahari ilipoingia mwaka 1498. Tukichunguza sana, vitu vingi tuviitavyo vya asili ni wageni waliokaa muda mrefu tukasahau siku waliyobisha hodi.

Ugeni huu wageuza swali letu. Mwenye mali huweza kudai kwamba atumie mali yake apendavyo. Mwenyeji hawezi kudai hivyo juu ya mgeni. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakaruhusu mgeni afanye kazi, lakini hawakuruhusu amalizwe. Na mkunga amekaribia kumalizwa. Katika miaka ya 1960 ulikuwapo mwaka ambao vitoto vya mikunga vilivyokamatwa Japani vilipita tani 200. Mwaka 2019 havikufikia tani 4. Serikali ya Japani ilimtia mkunga huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2013, na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, likafanya hivyo mwaka 2014. Sababu hutajwa kuwa nyingi, nazo ni uvuvi uliopita kiasi, mito iliyozibwa kwa mabwawa na kingo za saruji, na mabadiliko ya bahari. Hapana mtu mmoja wa kunyoshewa kidole. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa mwendo ule ule haba na haba hukikomba. Mabwawa mengi ya kandokando ya Hamana yamefukiwa yakawa mashamba na viwanja, na mikoa ya Kagoshima, Aichi na Miyazaki ndiyo itoayo mikunga wengi leo. Jina limebaki ziwani kama jina la Totomi lilivyobaki, na sasa ladha ya mkunga huimbwa sana kuliko anavyoonekana.

Watu wa ziwa hawakukaa bila ya kuona. Katika Maisaka kuna sanamu ya Kannon, mwenye huruma wa dini ya Buda, na mbele yake watu wa biashara ya mikunga hukusanyika kuziombea roho za viumbe waliochinjwa. Mtu wa nje huenda akatabasamu kuona muuaji akimwombea aliyeuawa. Mimi siwezi kutabasamu. Ibada hiyo yasema kwa sauti jambo ambalo wengi hulinyamazia, kwamba chakula kina mwenyewe, na kwamba anayekula ameondoa uhai ambao hakuuumba. Hata hivyo shukrani za mdomo hazirudishi samaki majini. Mdaiwa ajaye kila mwaka kumsifu mdai wake bila ya kulipa hata senti, sifa zake mwishowe huwa dhihaka.

Ndiyo maana jambo lililoanza huko mwaka 2013 lanistaajabisha zaidi. Wavuvi, wafugaji na wauzaji wa mikunga wa Hamana walikubaliana kuchanga fedha ili kila majira ya kupukutika kwa majani wawanunue mikunga wazazi waliokamatwa wakiwa katika safari yao ya kurudi baharini, kisha wawachukue na kuwaachilia huru katika bahari kuu. Nataka msomaji alitafakari tendo hili kwa makini. Watu ambao riziki yao ni kumuuza mkunga wanamnunua mkunga ili wasimuuze. Tena hawana hakika ya faida. Mkunga aliyeachiliwa huenda asifike Mariana. Akifika, watoto wake huenda wakachukuliwa na mkondo mpaka China au Taiwan au mto mwingine wa Japani, wakanawirisha mabwawa ya mshindani. Hapana muhuri utakaowekwa juu ya kitoto cha kioo kusema kuwa huyu ni mwana wa yule aliyeachwa na watu wa Hamana.

Mtu wa hesabu ataliita tendo hilo upuuzi, na mtu mwenye shaka ataliita tangazo la biashara. Kwa wa kwanza najibu kwamba hesabu yake ni sahihi lakini ni fupi. Kama kila ziwa likingoja mpaka liwe na hakika kuwa litavuna lenyewe, hakuna litakalopanda, na bahari itakuwa tupu kwa wote. Kwa wa pili najibu kwamba yamkini nia ya biashara imo. Nia za wanadamu hazichujwi zikabaki maji matupu. Lakini tendo lenyewe ni kulipa, na mikunga waliokwenda zao hawakuuliza nia. Tena iko hoja ya mvuvi maskini, ambaye mkunga mmoja wa fedha ni mlo wa nyumba yake wa siku kadhaa. Kumwambia amwachie bure ni kuhubiri kwa mfuko wa mwingine. Uzuri wa mapatano yale ni kwamba mvuvi hulipwa, na mzigo hubebwa na kundi zima linaloishi kwa jina la mkunga, kama mzigo wa hija ulivyobebwa zamani na kijiji kizima.

Naona hapa desturi ya zawadi imekamilika kwa kugeuka uso. Omiyage ni kitu kitokacho mahali kikaenda kwa watu, na mkunga aachiliwaye ni kitu kitokacho kwa watu kikarudi mahali. Msafiri huleta fungu la safari kwa wale waliomchangia. Mkunga naye ni msafiri, na ziwa ni kituo tu katika barabara yake, kama Arai na Maisaka zilivyokuwa vituo katika Tokaido. Kumruhusu apite ni adabu ya kituo. Wakati wa Tokugawa kizuizi cha Arai kilisifiwa kwa ukali wa kuzuia. Leo sifa ya mlango ule imo katika kufungua.

Yatokayo katika mazungumzo haya yaweza kusemwa kwa maneno machache. Zawadi ina ncha tatu. Mtoaji anadaiwa ukumbuko, na hulipa kwa kuleta. Mpokeaji anadaiwa shukrani, naye hulipa kwa kupokea vizuri na kugawa sawa. Lakini wote wawili pamoja, na wauzaji walio kati yao, wanadaiwa na chimbuko, na deni hilo hulipwa kwa kuhakikisha kuwa chimbuko halikauki. Jina la mahali si mali ya urithi ya kuliwa mpaka sarafu ya mwisho. Ni mkopo wa viumbe na maji, uliowekwa mikononi mwa waliopo kwa niaba ya waliopita na watakaokuja. Anunuaye sanduku la kitamu chenye jina la mkunga amenunua na sehemu ya deni la mkunga. Hatakiwi kulia wala kuacha kula. Atakiwa kuuliza kama yule muuzaji hurudisha kitu, na kumpendelea arudishaye kuliko asiyerudisha. Hilo laweza kufanywa na mtu yeyote, hata mwenye fedha kidogo, kwa maana kutoa ni moyo.

Wahenga walituagiza tutende wema twende zetu, tusingoje shukrani. Watu wa Hamana wametenda, na aliyekwenda zake ni mkunga. Huteleza mikononi, huingia katika maji ya giza, na haoneshi ishara yoyote ya kujua alichofanyiwa. Huenda ndiyo zawadi safi kuliko zote tulizozitaja, kwa kuwa mpokeaji wake hawezi kulipa kwa kitu kingine ila kwa kuishi.